Kompyuta ya shangazi haiwaki: utatuzi wa matatizo kabla ya kununua pawa saplai nyingine

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mwanangu, kompyuta imekufa."

Hakuniuliza hata habari za watoto, nikajua jambo ni zito. Shangazi ana steshenari Tanga, jirani na shule ya sekondari, na simu ile ilikuja wiki ambayo walimu humletea mitihani ya kuchapa. Mimi niko Dar es Salaam. Kijana wake wa dukani akapokea simu, akatoa hukumu: "Pawa saplai hiyo, anko." Yaani kile kisanduku cha ndani kinachoigawia kompyuta umeme wa ukutani. Nikamwamini. Nikashuka Kariakoo, nikanunua iliyoandikwa wati 500, nikaipakia kwenye basi la Tanga siku hiyohiyo.

Ikafika. Ikaingia kwenye keisi, lile kasha la kompyuta, kama iliyopimiwa, skrubu nne zikakaa sawasawa, kisha plagi yake kuu ikagoma. Plagi ina pini 24, na tundu la mazabodi (bodi kuu ya ndani) ya shangazi halikufika hata nusu ya upana huo. Na hapo bado hakuna aliyekuwa amethibitisha kwamba ile ya zamani ndiyo yenye kosa.

Basi mwongozo huu unafuata mpangilio ambao mimi sikuufuata: dalili, kipimo, kununua mwisho. Namfikiria mtu anayeshughulikia kompyuta ya ndugu yake, pengine kwa simu tu, bila kuiona.

Kimya kabisa: hakuna taa, hakuna feni

Anza ukutani. Swichi ya soketi, ekstensheni iliyochoka, fyuzi iliyomo ndani ya plagi ya pini tatu bapa. Ukiwa mbali, dawa nzuri ni hii: mwambie achomoe kebo ya umeme ya monita aichomeke kwenye kompyuta, na ya kompyuta aipeleke kwenye monita. Mara nyingi kebo hizo mbili ni pacha. Taa ya monita ikikataa kuwaka, mchawi ni kebo au fyuzi yake, na umeokoa nauli ya mzigo.

Kisha nyuma ya keisi. Pawa saplai nyingi za dukani zina swichi yenye alama I na O, na mtu anayefagia huweza kuigusa bila kujua. Za zamani zina kitu kingine cha kuteleza, aghalabu chekundu, kimeandikwa 115 na 230. Hicho kikae 230 daima. Mtoto akikipeleka 115 na umeme wetu wa volti 230 ukaingia, utasikia mlio mmoja tu.

Vyote vikiwa sawa, chomoa kebo ukutani, bonyeza na ushikilie kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi na tano, subiri dakika moja au mbili, rudisha. Umeme ukiyumba, pawa saplai nyingine hujifunga zenyewe kwa kujilinda na zikabaki hivyo mpaka chaji ya ndani iishe. Nimeona kompyuta "zilizokufa" zikifufuka kwa njia hii, na fundi akalipwa.

Halafu tafuta taa ndogo. Mazabodi nyingi zina kitaa kinachowaka muda wote kebo ikiwa ukutani, hata mashine ikiwa imezimwa. Kikiwaka, sehemu ya pawa saplai inayotoa volti 5 za kusubiri iko hai, na ni haki kuanza kukishuku kitufe cha mbele au nyaya zake. Kompyuta za ofisini aina ya Dell OptiPlex, nyingi zina kitufe kidogo na taa ya kijani nyuma, karibu na tundu la kebo. Kibonyeze: ikiwaka, pawa saplai yenyewe inatoa umeme. Ikiwaka tu pale plagi zake zinapochomolewa kwenye mazabodi, basi kuna kitu ndani kinachoipiga shoti.

Feni inazunguka kidogo, inazima

Hapa watu wengi hukimbilia dukani, na wengi hukosea. Pawa saplai inayowaka na kuzima papo hapo mara nyingi inafanya kazi yake: imeona shoti au mzigo usio wa kawaida, imejitoa.

Chomoa kila kisicho lazima. Printa, fleshi, kipanya, diski zote, kiendesha CD. Bakiza prosesa na ramu moja. Ikiwaka na kubaki, rudisha kimoja kimoja mpaka umkamate mhalifu. Kwenye kompyuta ya steshenari nianzie wapi kama si kwenye matundu ya USB ya mbele? Fleshi za wateja zinaingia na kutoka kutwa nzima, nyingine kwa kulazimishwa kichwa chini. Kile kiulimi cha plastiki kikishavunjika, pini nne zinabaki wazi na kugusana. Tundu moja la namna hiyo linatosha kuizuia mashine nzima. Mulika kwa tochi ya simu uone.

Asubuhi inagoma, ikishazoea inakubali

Hii ndiyo dalili inayonifanya niamini kweli kwamba pawa saplai imezeeka, na ndiyo iliyokuwa ya shangazi. Nilipombana yule kijana akakiri: kwa miezi miwili alikuwa na ibada yake. Anachomeka kebo, anakwenda kunywa chai, anarudi baada ya dakika kumi ndipo anabonyeza. Ikikataa anachomoa, anachomeka, anasubiri tena. Hakuna aliyeniambia, kwa sababu "ilikuwa inawaka".

Kinachotokea ni hivi. Ndani mna kapasita, vikopo vidogo vya kuhifadhi chaji, zenye majimaji, na kadiri miaka na joto vinavyopita, majimaji hayo hukauka. Kapasita iliyochoka hufanya vibaya zaidi ikiwa baridi. Ikipata joto kidogo hujikongoja. Za kwanza kufa mara nyingi ni zile za mzunguko wa kusubiri, kwa kuwa zenyewe hazilali: kebo ikiwa ukutani zinafanya kazi usiku na mchana, hata duka likiwa limefungwa. Sasa chukua mashine ya mtumba iliyotumika ofisini Ulaya miaka mitano au sita, ikaja Tanga ikakaa mingine kama hiyo kwenye joto na hewa ya chumvi. Umri wake uhesabu mwenyewe.

Mulika tochi kupitia matundu ya feni. Kapasita zilizovimba kichwani au zilizotoa utomvu wa kahawia zinajitangaza. Lakini kutoona uvimbe si cheti cha afya, maana nyingi hukauka kimyakimya. Angalia na zile za mazabodi, karibu na prosesa, kwani zikiwa zimevimba huko, pawa saplai mpya haitakusaidia.

Inazima katikati ya kazi

Joto kwanza. Fungua ubavu wa keisi: vumbi la barabarani likichanganyika na unga wa tona hufanya blanketi juu ya feni ya prosesa. Safisha kwa blowa, ukiishikilia feni kwa kidole isizunguke ovyo. Kama mashine huzima baada ya muda uleule kila mara na inataka kupoa kabla ya kuwaka tena, prosesa ndiyo ya kushuku. Kama inakatika ghafla kila unapoipa mzigo, mathalani kubadili video, hata ikiwa imetoka kuwashwa na bado ni baridi, pawa saplai inapanda orodhani.

Inajiwasha upya fotokopi ikianza kazi

Hii haitibiwi na pawa saplai mpya, japo watu huinunua. Mashine ya fotokopi na printa ya leza zina roli inayopashwa moto ili kuikaanga tona kwenye karatasi, na inapoanza huvuta umeme mwingi kwa mpigo. Zikiwa ekstensheni moja na kompyuta, pamoja na mashine ya kuleminetia, volti inashuka kwa nukta ya sekunde. Pawa saplai nzuri huvumilia ukosefu wa umeme kwa milisekunde 16 hivi, iliyochoka haifiki.

Ihamishie kompyuta soketi nyingine, na kama kuna UPS (kisanduku chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika), iachie kompyuta na monita peke yao. Printa ya leza usiiweke kwenye UPS ndogo hata kwa kubembelezwa. Shangazi alinijibu, "Sasa mbona ina matundu manne?" Sikuwa na jibu la heshima.

Ukigusa keisi inakusisimua

Waya wa ardhi haupo. Ama soketi haikuungwa, ama kuna adapta ya pini mbili njiani. Ndani ya pawa saplai, kichujio cha umeme kimeungwa na bati la keisi. Ardhi isipokuwepo, bati hilo huelea karibu nusu ya volti za ukutani, kwa mkondo mdogo wa kukutekenya tu. Mpya itafanya vilevile. Mwite fundi umeme wa nyumba, wa kompyuta mwache.

Imelia "pa!" ikatoa harufu

Usiirudishe kwenye umeme "kuona kama bado". Hapa huhitaji uchunguzi zaidi kuhusu pawa saplai, ila jiulize iliuawa na nani: umeme uliorudi kwa nguvu baada ya kukatika, au mjusi aliyefuata joto ndani. Mende pia. Ziba matundu ya nyuma ya keisi yasiyo na vibati.

Na usiifungue. Kapasita kubwa ya ndani hubeba volti zaidi ya 300, na huweza kubaki nazo baada ya kebo kuchomolewa. Pawa saplai inabadilishwa nzima. Kuifungua waachie wenye vifaa na uzoefu.

Kipimo cha multimita

Multimita ni kifaa cha kupimia volti. Kipimo hiki ni kwa pawa saplai yenye plagi ya kawaida ya pini 24 tu. Ichomoe kutoka kwenye mazabodi na diski zote, unganisha tundu la waya wa kijani na la waya mweusi wowote kwa klipu ya karatasi iliyonyooshwa, kisha washa ukutani. Feni itazunguka. Wengi wanaishia hapo na kusema nzima. Feni kuzunguka ni sawa na mgonjwa kufumbua macho. Bado hujampima presha. Waya wa njano usome kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, wa rangi ya chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Wa zambarau, ule wa kusubiri, unatakiwa kuwa na volti 5 hata bila klipu.

Ukipata namba nzuri bila mzigo, rudisha plagi, washa mashine, ingiza ncha za multimita nyuma ya plagi na upime tena ikiwa kazini. Ya shangazi haikuwa ya pini 24, lakini kijana alipotafuta volti za kusubiri asubuhi kwa kufuata mpangilio wa plagi yake, si rangi, alikuta 3.9 tu, zikapanda polepole kama maji ya bomba la foleni. Hapo ndipo tulipojua kwa hakika, wiki moja baada ya mimi kununua.

Kwa plagi za kampuni zisizo za pini 24, usifuate rangi za nyaya. Mpangilio wake ni mwingine.

Sasa nunua

Wati ndilo swali la mwisho. La kwanza ni umbo. Ile ya kawaida, ATX, ina upana wa milimita 150 na kimo cha 86. Kina chake huanzia 140 na kuendelea. Keisi nyembamba za ofisini, zile zinazolazwa chini ya monita, zina umbo lake, na ATX haiingii hata ukiilazimisha. Mwambie ndugu yako apime kwa rula ya shule na apige picha ya upande wenye feni na tundu la kebo.

La pili ni plagi, na hapa ndipo nilipoanguka. Kompyuta nyingi za ofisini zinazoingia kama mitumba zimeachana na pini 24. Dell OptiPlex 3020, 7020 na 9020 zina plagi kuu ya pini 8. HP EliteDesk 800 G1 ina ya pini 6. Lenovo ThinkCentre kadhaa, kama M92p, zina ya pini 14. Kwenye nyingi ya mashine hizo, diski nazo hulishwa kutoka kwenye mazabodi, kwa hiyo usishangae kuona nyaya chache. Omba picha ya plagi ikiwa imechomekwa na nyingine ikiwa imechomolewa. Hesabu pini kwa kidole.

Una njia mbili. Moja ni kutafuta pawa saplai ileile kwa namba ya kipuri iliyo kwenye lebo. Ya pili ni ATX ya kawaida pamoja na adapta inayobadili pini 24 kuwa za mashine yako. Adapta nyingine zina kipande kidogo cha saketi katikati cha kupandisha volti za kusubiri, kwa hiyo inunuliwe kwa jina la modeli, sio kwa kufanana macho. Kwa keisi nyembamba hakuna ubishi, tafuta ya namba ileile. Kwa keisi kubwa, kama ya shangazi, mimi nilichagua adapta. Ya mtumba yenye namba sahihi ingekuwa na umri sawa na marehemu, ilhali adapta ikishakaa, siku pawa saplai ikifa tena kijana atanunua yoyote ya pini 24 palepale Tanga bila kunipigia. Na ile niliyotuma kwa pupa ikapata kazi.

Nusura iikose, maana lebo yake ilinitia shaka. Usisome namba kubwa ya kuuzia. Soma safu ya volti 12, tazama ampea, zidisha kwa 12. Niliwahi kushika moja iliyoandikwa 500 kwa rangi ya dhahabu, safu ya volti 12 inasema ampea 16. Hizo ni wati 192. Kompyuta za sasa hula karibu kila kitu kutoka kwenye volti 12, kwa hiyo hiyo ndiyo nguvu yake halisi. Lebo isiyo na ampea kabisa, rudisha kaunta.

Mahitaji yenyewe ni madogo kuliko watu wanavyodhani. Prosesa kama Core i5-4590 imekadiriwa wati 84. Ongeza mazabodi, ramu, diski na feni, hufiki 150. Mashine hizi zilitoka kiwandani na wati 240 hadi 300 na zikafanya kazi miaka. Wati 350 hadi 450 za kweli zinatosha na kubaki. Printa haimo kwenye hesabu, ina umeme wake. Ukitaka kuongeza kadi ya grafiki, mambo yanabadilika: tundu la mazabodi hutoa hadi wati 75, plagi ya ziada ya pini 6 nyingine 75, ya pini 8 150. Kwa steshenari, hiyo ni habari ya mtaa mwingine.

Alama ya 80 PLUS inasema ni kiasi gani cha umeme kinafika kwenye kompyuta badala ya kugeuka joto. Haisemi itadumu miaka mingapi, ila kuwa nayo ni afadhali, kwani zile za kutupa hazijisumbui kuitafuta.

Kuna kosa moja la kufunga linalochoma vitu. Pawa saplai ambazo nyaya zake zinachomoka pande zote mbili: usitumie nyaya za zamani kwenye mpya, hata kama zinaingia vizuri. Upande wa diski plagi ni sawa duniani kote. Upande wa pawa saplai kila kampuni hupanga inavyotaka. Volti 12 zikienda mahali pa volti 5, diski inakufa na mitihani yote ya kidato cha pili ndani yake.

Imewaka, feni inazunguka, picha hakuna

Hiyo ndiyo simu ya mwisho niliyopokea siku ya kufunga. Nikamwomba kijana picha ya ndani. Nikaikuza, na nyuma ya diski, ikining'inia kama hirizi, plagi ndogo ya mraba ya pini nne: ile ya kulisha prosesa. Tundu lake huwa pembeni mwa mazabodi, karibu na prosesa, na kwa kuwa haliko na plagi kuu husahaulika hata na wazoefu. Akaichomeka mpaka kulia "tik". Ikawaka.

Baada ya siku mbili shangazi akapiga. Kompyuta inasema tuko mwaka 2013, na barua ya mwalimu mkuu imetoka na tarehe hiyo. Hilo lilikuwa betri ya mazabodi, CR2032, ya volti 3, umbo la sarafu. Tulipokuwa tunachomoa umeme kila mara ndipo udhaifu wake ulipojitokeza. Hiyo aliinunua mwenyewe, duka la saa.